Akiba Haiozi?

Charlie Silvera alicheza besiboli ya ligi kuu ya Marekani kwa misimu kumi, kuanzia 1948 hadi 1957, na katika misimu hiyo yote alishuka dimbani mara 227. Timu za wakati ule zilicheza mechi 154 kila mwaka, kwa hiyo ukizijumlisha mechi zake zote hazitimizi hata misimu miwili kamili. Alishika gongo mara 482, akapata mapigo salama 136, na mpira wake ulivuka uzio mara moja tu, mwaka 1951. Misimu tisa kati ya hiyo aliivalia Yankees ya New York, na humo ndani timu ikatwaa ubingwa mara sita. Msomaji wa takwimu akifika kwenye mstari wake (na sijui kama kuna mchezo mwingine unaopenda madaftari kama besiboli) atahukumu bila kusita: huyu alibebwa. Alisugua benchi, wenzake wakatoka jasho, kisha akapanga nao foleni ya kupokea pete. Nataka kuibishia hukumu hiyo, ingawa sitadai kwamba Silvera alikuwa bingwa aliyefichwa, maana hakuwa. Kinachonikera ni jina tunalowapa watu wa aina yake: wachezaji wa akiba. Akiba haiozi, husema Waswahili, na kwa mahindi yaliyokaushwa vizuri methali hiyo ina haki yake. Mtu ni kitu kingine. Mtu akiwekwa akiba hutumika kila siku anapowekwa, na matumizi hayo hayana safu kwenye daftari.

Silvera alikuwa mdakaji. Aliyezoea kandanda amfikirie golikipa. Mdakaji naye ana nafasi moja isiyogawanyika, hivyo wa pili wake hangoji mwenzake achoke kidogo apewe dakika ishirini. Hungoja mwenzake aumie. Tofauti ni kwamba mdakaji huumia sana. Huchuchumaa nyuma ya mpigaji mara mia na zaidi kwa mechi moja, usoni kinyago cha chuma, kifuani pedi, miguuni vikinga ugoko. Mpira mgumu wa ngozi unamjia kwa kasi ya kilomita 140 kwa saa na pengine zaidi, na mara nyingine unaparuza gongo na kugeuza njia pale pale mbele ya pua yake. Mkono wa kushoto umevikwa glovu nene kama mto. Wa kulia u wazi, na vidole vyake ndivyo vinavyotaja miaka ya mdakaji kazini, kimoja kimepinda kushoto, kingine hakikunjiki tena. Kabla ya kila mpira hivyo vidole hushushwa katikati ya mapaja, mpinzani asivione, vikampa mrushaji maagizo: kimoja kwa mpira wa kasi, viwili kwa mpira unaopinda. Mdakaji ndiye peke yake katika timu yake anayeutazama uwanja kwa mbele, wenzake wote wakiwa wamemwelekea yeye. Kwa hiyo anayeshika nafasi hiyo hashiki tu mipira, anashika mechi.

Na wa pili je, mechi ikiendelea anafanya nini? Jibu la haraka ni kwamba anatafuna mbegu za alizeti. Jibu la kweli liko pembeni, kule warushaji wanaosubiri wanakopasha misuli, kwa sababu mrushaji hawezi kupasha bila mtu wa kumdakia. Huko ndiko Silvera alikofanya kazi yake. Alichuchumaa vile vile, akapokea mipira ile ile, akaumia vidole vile vile, bila karani wa takwimu kuinua kalamu. Ilimpasa ajue mpira wa yupi huzama mwishoni, yupi hupoteza shabaha akianza kuchoka, yupi hutaka kubembelezwa na yupi hutaka kukaripiwa, maana siku akiitwa hatapewa juma zima la kujifunza. Daftari la besiboli linaandika mambo yaliyotokea mbele ya watazamaji. Utayari haumo, kwa kuwa utayari ni jambo ambalo halijatokea bado.

Mtu atasema, maneno matamu, lakini ushahidi uko wapi kwamba utayari huo ulikuwa na thamani? Uko katika mwaka 1949. Yankees ilikuwa imempata meneja mpya, Casey Stengel, ambaye wengi walimwona mchekeshaji. Joe DiMaggio, nguzo ya timu, alikosa zaidi ya theluthi ya msimu kwa maumivu ya kisigino. Kisha mwezi Agosti mpira ukamvunja kidole gumba Yogi Berra, mdakaji wa kwanza. Silvera na Gus Niarhos wakaibeba nafasi hiyo mpaka Berra aliporudi. Mwaka huo Silvera alicheza mechi 58, nyingi kuliko mwaka wake mwingine wowote katika ligi kuu, akapata mapigo 41 katika zamu 130, uwiano ambao mdakaji yeyote wa ligi angeupokea kwa mikono miwili. Msimu ulipofungwa Yankees ilikuwa na ushindi 97, Red Sox ya Boston ushindi 96. Mechi moja. Siwezi kuonyesha kwamba mechi hiyo moja ni ya Silvera, wala hakuna mwenye akili timamu atakayejaribu. Ila ukiwa na pengo jembamba hivyo, yeyote anayedai kwamba wiki zile zingeweza kukabidhiwa mtu asiyejiandaa ndiye anayedaiwa ushahidi.

Klabu yenyewe ilitoa ushuhuda wake kwa lugha inayoijua vizuri zaidi, fedha. Mtendaji wake mkuu, George Weiss, alisifika kwa kubana mkono. Wachezaji nyota waligombana naye kwa nyongeza ndogo. Mtu wa namna hiyo halipi mshahara wa huruma. Mwaka 1950 Berra alidaka mechi 148, Silvera akacheza 18 na kushika gongo mara 25 tu. Mwaka 1951, tena 18. Mwaka 1952, 20. Katika hesabu za kawaida huyu angeachwa, nafasi yake wakapewa vijana wa kujaribiwa. Weiss akambakisha mwaka baada ya mwaka, kwa sababu alijua kidole gumba kingine kinaweza kuvunjika Jumatatu yoyote.

Hapo linazuka pingamizi la pili, nalo ni la busara zaidi. Kama Silvera alikuwa mzuri kiasi hicho, mbona hakuondoka? Ligi kuu mbili zilikuwa na timu kumi na sita, na si zote zilikuwa na Berra. Mkaa bure si sawa na mtembea bure. Tatizo ni kwamba hakuruhusiwa kutembea. Mkataba wa kila mchezaji ulikuwa na kifungu kilichoipa klabu haki ya kumhifadhi mwaka unaofuata hata muda wa mkataba ukiisha, na mwaka unaofuata nao ukazaa mwingine, hivyo hivyo hadi klabu yenyewe imwachie, imuuze au imbadilishe na mwingine. Angalia kitenzi chenyewe, kuhifadhi: ndivyo tunavyosema juu ya ghala. Mchezaji asiyeridhika alikuwa na njia mbili, kucheza pale alipopangiwa au kutafuta kazi nyingine kabisa.

Wala hili si jambo ninalolisoma leo kwa miwani ya leo. Wakati ule ule, ndani ya milki ile ile ya Yankees, mrushaji George Toolson alikikataa kifungu hicho. Alikuwa katika timu ya daraja la chini ya klabu hiyo huko Newark, akitambua kwamba Yankees ina warushaji wengi kiasi kwamba zamu yake haitafika, na kwamba hakuna sheria inayomruhusu kuipeleka mikono yake kwingine. Alipoamriwa kushuka timu ya chini zaidi, aligoma, akaenda mahakamani. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na Novemba 1953 majaji saba dhidi ya wawili wakasema uamuzi wa 1922 ulioikinga besiboli na sheria za kuzuia ukiritimba ubaki palepale. Anayetaka mabadiliko alipigie hodi Bunge. Kifungu hicho kilikuja kuvunjwa nguvu na msuluhishi Desemba 1975, miaka kumi na minane baada ya Silvera kuvua kinyago. Kwa hiyo swali la mbona hakuondoka linamfaa mfanyakazi wa zama zetu. Kwake yeye ni kama kuyauliza mahindi mbona hayatoki ghalani.

Lakini alikuwa ameridhika, wataongeza. Na pengine ni kweli, kwa sababu benchi hilo lilikuwa na mto. Kila timu ilipofika fainali ya dunia wachezaji waligawana mapato, na Yankees ilifika mwaka 1949, 1950, 1951, 1952, 1953, 1955 na 1956. Mafungu saba hayo yanazidi dola 40,000, wakati ambapo mshahara wa chini wa ligi kuu mwanzoni mwa kipindi hicho ulikuwa dola 5,000. Kila fungu moja lilizidi dola hizo 5,000. Ni riziki nono, na sioni sababu ya kumlilia mtu aliyeipokea. Ninachokataa ni kuigeuza riziki kuwa hoja. Kuridhika kwa mtu ambaye hakuwa na mlango wa pili hakutuambii lolote juu ya mlango huo. Aliyewekwa akiba anaweza kulala vizuri, na bado aliyefaidi akiba akawa ni mwenye ghala, kwa kuwa timu nyingine kumi na tano zisingeweza kumtumia mdakaji aliyefungiwa New York hata zingemhitaji vipi. Kumweka Silvera kwako ni pia kumnyima jirani.

Lipo pingamizi zito kuliko hayo, na hili silijibu, nalikubali nusu. Kusubiri kwa Silvera kulikuwa kusubiri kwa mtu aliyekwisha ingia ndani. Elston Howard, mdakaji mweusi, alichukuliwa na Yankees mwaka 1950 kutoka Kansas City Monarchs. Alipotoka jeshini alizungushwa timu za chini, na mwaka 1954 akiwa Toronto akatajwa mchezaji bora wa ligi yake. Jackie Robinson alikuwa ameuvunja mpaka wa rangi huko Brooklyn tangu Aprili 1947. Yankees ilingoja hadi 1955 kumleta Howard, mchezaji wake wa kwanza mweusi. Mwaka 1953 klabu ilikuwa na wadakaji watatu, Berra, Silvera na Ralph Houk, wote weupe. Howard alipofika hatimaye alisukumwa zaidi kwenye uwanja wa nje, mbali na mpigaji, kwa kuwa nyuma ya kinyago alikaa Berra, na mwaka uliofuata Silvera akabakiwa na mechi 7. Mwaka 1963 Howard akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa mchezaji bora wa American League, mojawapo ya zile ligi kuu mbili. Ukiiweka miaka yake ya kuzungushwa kando ya miaka ya Silvera ya kuchuchumaa pembeni, unaona kwamba hata kungoja kulikuwa na daraja: kuna aliyengoja akilipwa mafungu ya fainali, na kuna aliyengojeshwa kizingitini. Na kuna Josh Gibson, mdakaji ambaye wengi walimhesabu miongoni mwa wapigaji wakubwa wa zama zake, aliyefariki Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu tu kabla Robinson hajaingia.

Habari ya Gibson ina mkia unaoigusa hoja yangu. Mwaka 2024 besiboli ya ligi kuu iliingiza rasmi takwimu za ligi za watu weusi katika madaftari yake, na Gibson, miaka 77 kaburini, akamvuka Ty Cobb, aliyekuwa kileleni, kwa wastani wa mapigo wa maisha yote: 0.372 kwa 0.367. Wanaoapa kwamba namba hazidanganyi wangepaswa kutulia hapo. Namba hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni uamuzi wa nani ahesabiwe. Daftari ni kazi ya mikono ya watu, lina milango, na milango ina walinzi. Kwa Gibson, mechi zilichezwa kweli na watu waliziona, zilikosa tu mwenye idhini ya kuziandika. Kwa mtu kama Silvera hakuna mechi za kurejesha. Hata daftari likifunguliwa mara mia, hakuna karatasi iliyokaa mahali ikisema jioni fulani alidaka mipira mingapi pembeni, na mrushaji gani aliingia uwanjani akiwa tayari kwa sababu yake. Dhuluma ya Gibson ni kubwa kupita kiasi na inaweza kusahihishwa kwa kalamu. Upungufu wa Silvera ni mdogo, na kalamu haiufikii.

Watetezi wa benchi wana shahidi wao mmoja wanayempenda, Houk niliyemtaja. Aliingia vitani akatoka na cheo cha meja, akacheza Yankees misimu minane na kupata mechi 91 tu, chache hata kwa kumlinganisha na Silvera. Mwaka 1961 akakabidhiwa timu nzima, na akatwaa ubingwa mwaka huo na uliofuata, akimweka Howard nyuma ya kinyago na kumhamishia mzee Berra kwenye uwanja wa nje. Benchi ni shule, wanasema. Silvera naye alisoma humo: alikuwa msaidizi wa meneja Billy Martin huko Minnesota, Detroit na Texas kati ya 1969 na 1975, kisha akafanya kazi ya kusaka vipaji kwa miaka mingi. Alifariki Septemba 2019 akiwa na umri wa miaka 94. Ni kweli kwamba anayetazama sana hujifunza sana. Lakini ni shule yenye ada, na ada hulipwa kwa magoti.

Ushahidi wa ada hiyo uko Chicago. Baada ya msimu wa 1956 Silvera alihamishiwa Cubs, timu ambayo mwaka 1957 ilimaliza mkiani ikifungana na Pittsburgh, pungufu ya ushindi na isiyo na Berra. Kama kuna mahali akiba ingefunguliwa ikutwe nzima, ni hapo. Alicheza mechi 26, akapata mapigo 11 katika zamu 53, na msimu ukawa wa mwisho. Wakosoaji huishika namba hiyo kama hirizi: mnaona, hakuwa na kitu. Zamu 53 ni chache mno kumhukumu mtu yeyote, lakini nitaikubali kwa muda namba hiyo na kuuliza ni nani aliyepimwa Chicago. Kijana wa 1949 aliyepata mapigo 41 katika zamu 130 alikuwa na miaka 24. Aliyefika Chicago alikuwa na 32, umri ambao mdakaji huamka akitafuta pa kushika ili asimame, na kati ya hao wawili kuna misimu saba ambamo hakuzidi mechi 42 kwa mwaka. Jicho la mpigaji hunolewa na mipira ya mashindano. Hakuna mazoezi yanayoliiga. Walichokipima Cubs kilikuwa chenga zilizobaki ghalani baada ya mwenye ghala kushiba.

Inabaki siku moja. Tarehe 6 Oktoba 1949, mechi ya pili ya fainali, Yankee Stadium, karibu watu 70,000. Kidole cha Berra kilikuwa bado kinamsumbua, na Stengel akampanga Silvera kumdakia Vic Raschi dhidi ya Brooklyn. Katika kipindi cha pili Jackie Robinson alipiga mpira uliomfikisha kituo cha pili, akasogea hadi cha tatu, na pale akawa mbele ya macho ya Silvera, akinyemelea na kurudi, akinyemelea na kurudi, mtu ambaye mdakaji hawezi kumsahau hata nusu sekunde. Mwenzake Gil Hodges akapiga pigo salama, Robinson akaingia. Hiyo ndiyo pointi pekee ya siku nzima. Preacher Roe, mrushaji wa Brooklyn, hakuwaachia Yankees chochote, na Silvera alishika gongo mara mbili bila kitu. Kumdakia mrushaji anayeruhusu pointi moja katika fainali ni kazi iliyofanywa vizuri; mstari wa daftari unasema sifuri katika mbili, na timu imefungwa. Kesho yake huko Brooklyn kidole kiliuma au hakikuuma, Berra alirudi. Yankees ikashinda mechi tatu mfululizo na ubingwa, naye Berra akamaliza fainali na pigo moja katika zamu 16, mstari mbovu kabisa ambao hakuna aliyewahi kumlaumu kwao. Kati ya 1950 na 1956 Yankees ilicheza mechi nyingine 37 za fainali, na katika zote 37 aliyeanza nyuma ya kinyago ni Berra.